Ribe, chimbuko la kanisa la Wamethodisti Afrika Mashariki

Makanisa makongwe ya Kiprotestanti katika ukanda wa Korogwe, Muheza na Lushoto yana asili mbili. Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) walianzia Magila, wilayani Muheza, katika miaka ya 1860, na Walutheri wa Misheni ya Bethel wakafika Mlalo mwaka 1891. Msafiri anayeanzia Ngombezi kutafuta kanisa la Wamethodisti la umri huo itambidi avuke mpaka wa Kenya hadi Ribe, kijiji kilicho bara ya Mombasa katika Kaunti ya Kilifi.

Hata hivyo, historia ya Ribe na ya Usambara zimepishana zaidi ya mara moja. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefungua misheni ya Rabai, alikwisha kupanda milima ya Usambara mwaka 1848 na tena mwaka 1852 kumwona Mfalme Kimweri huko Vuga. Afya yake ilipodhoofu alirudi Ulaya. Wamethodisti wa Uingereza, wa madhehebu ya United Methodist Free Churches, walipotaka kuanzisha misheni Afrika Mashariki, yeye ndiye aliyewaongoza.

Kundi hilo lilifika pwani mwanzoni mwa 1862. Halikudumu. Maradhi yaliwaondoa wenzake mmoja baada ya mwingine, na kabla mwaka haujaisha Krapf naye alikuwa njiani kurudi kwao. Aliyebaki Ribe ni kijana Thomas Wakefield, akiwa peke yake hadi alipopata mwenzake, Charles New, mwaka 1863.

Waribe ni mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda, na kituo kilisimama jirani na Kaya Ribe, msitu wao mtakatifu ambao mwaka 2008 UNESCO iliuingiza, pamoja na kaya nyingine, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mafundisho mapya yalipokelewa polepole sana. Wakefield alitumia sehemu ya muda wake kuwasikiliza watu wa misafara, hasa Sadi bin Ahedi, kiongozi wa misafara aliyezifahamu njia za kwenda Umasaini hadi ziwa kuu la Nyanza. Maelezo hayo yalichapishwa London mwaka 1870 na Shirika la Kifalme la Jiografia. Kwa haki, Wakefield alimtaja Sadi kwa jina lake, jambo ambalo wasafiri wengi wa enzi hiyo hawakujali kulifanya.

New alikuwa mtu wa miguu. Mwaka 1871 alifika Kilimanjaro na kupanda hadi kuigusa theluji, Mzungu wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo. Mwaka 1874 alishika njia kutoka Pangani, akapita Usambara na kurejea Mombasa. Nchi hiyo ilikuwa imevurugwa na vita vya kugombea kiti cha enzi vilivyofuata kifo cha Kimweri. Kisha akarudi Uchagani, ambako Mangi Rindi wa Moshi, aliyeitwa pia Mandara, alimnyang'anya mali zake. New alifariki akiwa njiani kurudi pwani, Februari 1875. Mke wa Wakefield, Rebecca, alikuwa amekwisha kufa Ribe mwaka 1873. Kituo kilichoanzishwa kuwa mlango wa kuingilia bara kilikuwa kikijaza makaburi kuliko viti vya kanisani.

Waliokibadilisha hasa ni watoro. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, Ribe na vituo vingine, wakajenga na kulima humo. Mabwana zao walidai warudishwe, na mara kadhaa ilikaribia kumwagika damu. Wamisionari walikuwa njia panda: kuwapokea ni kuvunja sheria ya Sultani wa Zanzibar, kuwafukuza ni kuikana Injili waliyoihubiri. Mwaka 1888 George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki (IBEA), alikubaliana na wenye watumwa kuwalipa fidia kwa ajili ya watoro wapatao 1,400, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa Rabai. Wengi wao walikuwa wa Rabai, lakini wa vituo vya Wamethodisti walihesabiwa pia.

Wakefield hakuwapo kuliona hilo, kwani aliondoka Afrika mwaka 1887. Mwaka mmoja kabla yake, Wamasai walikuwa wameshambulia kituo cha Golbanti, kwenye mto Tana, na kumwua John Houghton na mkewe Annie, waliotumwa kuwahubiria Waoromo. Wamethodisti waliingia Meru mwaka 1912, na huko ndiko kanisa lilikopata wafuasi wengi. Kanisa la Methodisti la Kenya lilijitegemea mwaka 1967, miaka 105 baada ya kundi la Krapf kufika Ribe.