Sindano za Kichina zilivyofika kwetu

Dada zangu, huku Kyela wengi tukisikia tiba ya sindano za Kichina tunadhani ni jambo la juzi. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar mwaka 1964 na bara mwaka 1968. Reli ya TAZARA inayopita Mbeya ilipojengwa, miaka ya 1970 hadi 1975, walikuwepo pia. Sindano ni sehemu ya utabibu wao.

Kwao China tiba hii ina zaidi ya miaka 2000. Wanafundisha kwamba nguvu ya uhai, chi, hupita mwilini katika njia zake. Ikikwama, maumivu huja. Tabibu huchoma sindano nyembamba zisizo na dawa kwenye nukta maalumu, akaziacha kama nusu saa.

Sayansi haijaiona hiyo chi, ila tafiti zimeonyesha nafuu kiasi kwa maumivu sugu ya mgongo na goti. Kwetu tunaoinamia mpunga na cherehani, si haba. Lakini haitibu malaria wala kisukari, usiache dawa za hospitali. Sheria ya mwaka 2002 inataka watoa tiba mbadala wasajiliwe. Uliza usajili, na sindano mpya ifunguliwe ukiona. Mwili ni amana ya Mungu.