Jiko la ugenini: Muhogo wa Brixton na sambusa za Kentish Town

Tarehe 18 Septemba mwaka 1972, ndege iliyotoka Entebbe ilitua katika uwanja wa Stansted, kaskazini mwa London, ikiwa na abiria 193. Hao walikuwa wa kwanza kufika kwa ndege maalumu zilizokodiwa kuwahamisha Waasia wa Uganda waliofukuzwa na Jenerali Idi Amin. Amri ilikuwa imetangazwa mwanzoni mwa Agosti, na muda waliopewa wa kuondoka ulikuwa siku 90. Familia iliruhusiwa kutoka na kiasi cha pauni 50 tu za Kiingereza. Hata hicho kidogo, pamoja na vidani na bangili za wanawake, mara nyingi kiliishia mikononi mwa askari waliokuwa wameweka vizuizi katika barabara ya Kampala kwenda Entebbe.

Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu maduka, viwanda na mashamba ya miwa yaliyoachwa nyuma. Jambo lililotajwa kwa uchache ni jiko. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza katika miezi ile, nao walihitaji kula kila siku, katika nchi ambayo gharama zake hawakuzijua na vyakula vyake vingi hawakuwa wamewahi kuvionja. Namna walivyolitatua suala hilo ni sehemu ya historia ndefu ya wageni wanaojipikia ugenini, historia ambayo msikilizaji aliyepata kutafuta unga wa ugali mjini Birmingham au Minneapolis anaifahamu bila kusimuliwa.

Zaidi ya 20,000 kati ya wakimbizi hao walipitia kambi 16 zilizofunguliwa na serikali ya Uingereza, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi. Ya kwanza ilikuwa Stradishall, katika jimbo la Suffolk. Nyingine ilikuwa Tonfanau, kwenye pwani ya Wales inayopigwa na upepo. Kina mama wa Kiingereza waliojitolea waligawa makoti na blanketi, na wengi wa wakimbizi wameukumbuka wema huo maisha yao yote. Lakini chakula kilitoka katika majiko makubwa ya pamoja, nacho kilikuwa chakula cha Kiingereza cha wakati ule: viazi vilivyopondwa, kabichi iliyochemshwa mpaka ikalegea, na nyama isiyo na kiungo chochote isipokuwa chumvi. Kwa Wahindu wasiokula nyama, na kwa Waislamu waliotaka kujua imechinjwa vipi, tatizo halikuishia kwenye ladha. Mwanamke aliyewalisha watu wa nyumba yake kwa miaka 20 alijikuta akipanga foleni na sahani mkononi, akisubiri kupakuliwa asichokijua.

Katika baadhi ya kambi wakimbizi walikubaliwa kuingia jikoni na kusaidia kupika. Viungo ilibidi vitafutwe, na hapo ndipo anapotokea mtu mmoja aliyekuwa ametangulia kutoka Kenya.

Laxmishanker Pathak alizaliwa Gujarat, akafanya biashara ya vitu vitamu nchini Kenya, kisha akahamia London na mkewe na watoto mwaka 1956. Inasimuliwa kuwa alifika na pauni 5 mfukoni. Kazi aliyoipata mwanzoni ilikuwa ya kusafisha mifereji ya maji machafu. Yeye na mkewe, Shanta, walianza kupika sambusa na vitu vitamu katika jiko dogo la nyumba yao mtaani Kentish Town, na mtoto wao wa kiume alitumwa kwa basi kuvipeleka kwa wateja. Wateja hao walikuwa hasa wanafunzi na wafanyakazi wa Kihindi waliokuwa wakiishi katika vyumba vya kupanga. Baadaye familia ilifungua duka karibu na kituo cha reli cha Euston. Majirani walipolalamika kuhusu harufu na kelele, shughuli za upishi zilihamishiwa Brackley, mji mdogo katika jimbo la Northamptonshire. Ilipofika mwaka 1972, Pathak alipewa kandarasi ya kupeleka vyakula katika kambi za wakimbizi wa Uganda. Kampuni yake, Patak's, ambayo jina lake lilipunguzwa herufi moja ili Waingereza waweze kulitamka, ilikuja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za viungo nchini humo, na mwaka 2007 ilinunuliwa na Associated British Foods.

Ni rahisi kuisoma habari hiyo kama hadithi ya mtu mmoja hodari, na hodari alikuwa kweli. Hata hivyo hesabu yake inaeleza zaidi. Sambusa moja haiwezi kumlipa mtu nauli ya basi. Ilihitajika mitaa yenye wateja wa kutosha ili jiko la nyumbani ligeuke duka, na duka liweze kuagiza gunia badala ya pakiti.

Waliotangulia bila majirani wa aina hiyo walilipa gharama yake. Huko nyuma, mwaka 1810, Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna nchini India, alifungua mkahawa wa kwanza wa Kihindi unaojulikana mjini London. Aliwalenga Waingereza matajiri waliokuwa wamerudi kutoka India, lakini matajiri hao wengi walikuwa na wapishi wao nyumbani, na mwaka 1812 akatangazwa kuwa amefilisika. Mabaharia kutoka Sylhet, eneo ambalo leo liko Bangladesh, walifuata njia nyingine. Walioshuka melini wakabaki mashariki mwa London walipanga pamoja, wakachanga na kupika chungu kimoja. Baada ya Vita Vikuu vya Pili baadhi yao walinunua maduka ya samaki na viazi vya kukaanga, wakaendelea kuuza samaki na viazi, na pembeni wakaweka mchuzi wa viungo kwa bei ya chini.

Katika miaka ya 1950 nchi yenyewe ilikuwa bado inatoka katika njaa ya vita. Mgao wa chakula kwa vitabu vya kuponi ulimalizika tarehe 4 Julai 1954 tu, nyama ikiwa ya mwisho kuachiwa. Mafuta ya zeituni yaliuzwa katika maduka ya dawa, kwa ajili ya kutia masikioni. Kijana wa Kihindi aliyefika London wakati huo kusomea uigizaji, Madhur Jaffrey, hakuwa amewahi kupika kwao Delhi. Chakula alichokuta kilimshinda, akamwandikia mama yake, naye mama akawa anamtumia maelekezo ya upishi kwa barua za ndege, moja baada ya nyingine. Kutokana na barua hizo akajifunza. Mwaka 1973, akiwa tayari anaishi Marekani, alichapisha kitabu chake cha kwanza cha mapishi. Ni wangapi, kutoka Mombasa, Bujumbura au Unguja, waliofundishwa kupika pilau kwa njia hiyo hiyo, kwa barua zamani na kwa simu siku hizi, mama akisema tia bizari kiasi na mtoto akiuliza kiasi gani?

Muhogo nao una historia yake ndani ya London. Tarehe 22 Juni 1948 meli ya Empire Windrush ilifikisha abiria kutoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibiani. Wale wasio na pa kwenda walilazwa katika handaki la kujikinga na mabomu lililokuwa Clapham, na ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Brixton. Ndiyo sababu wengi wakapanga huko. Miaka ilipopita, soko la Brixton likaanza kuuza viazi vikuu, ndizi za kupika, pilipili kali na muhogo. Bidhaa hizo ziliagizwa kwa ajili ya Wajamaika, lakini muhogo haumuulizi mnunuzi anakotoka. Wakazi wengine wa London waliozoea muhogo, kutoka Afrika Magharibi na Afrika Mashariki, waliukuta pale tayari, bila kulazimika wao wenyewe kuanzisha biashara hiyo upya.

Wakimbizi wa mwaka 1972 walipotoka kambini walikimbilia mahali palipokuwa na ndugu na jamaa. Wengi walikwenda Leicester. Halmashauri ya mji huo ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus mwezi Septemba kuwasihi wasije, ikidai kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikuja. Familia mbili au tatu ziligawana nyumba moja ya matofali, pamoja na jiko moja la gesi. Mchele ulinunuliwa kwa magunia, dengu na choroko kwa kilo nyingi, unga wa chapati kwa mfuko mkubwa. Nyama, hata kwa waliokula, ilikuwa ya siku maalumu. Chakula cha nafaka na jamii ya kunde, ambacho Mwingereza wa wakati ule angekihesabu kuwa cha kimaskini, kilikuwa kwao chakula cha kawaida kilichotiwa tangawizi, bizari na kitunguu saumu. Ndivyo walivyoweza kuweka akiba katika mishahara ya viwandani.

Katika barabara ya Belgrave, ambayo biashara zake zilikuwa zimedorora, maduka yalipatikana kwa kodi nafuu. Yalifunguliwa moja moja, na mwaka 1976 ukaanza pale mgahawa wa Bobby's, usiopika nyama, uliopewa jina la filamu maarufu ya Kihindi. Mboga nazo zilipata njia. Bamia, pilipili mbichi, karela na biringanya ndogo zilipandwa na wakulima nchini Kenya na kusafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi, na katika miaka ya 1970 mboga hizo za Kiasia zilikuwa sehemu kubwa ya mboga mbichi ambazo Kenya iliiuzia Uingereza. Mama aliyefukuzwa Kampala aliweza kununua Leicester bamia iliyolimwa Kenya, nchi jirani na ile aliyofukuzwa.

Upo upande mwingine wa hesabu hii ambao haupimwi kwa pauni. Chapati na dengu ni rahisi kwa bei, lakini dengu hulowekwa, hupembuliwa, huchemshwa, na chapati husukumwa moja moja. Gharama yake ni saa, na saa hizo zilikuwa za wanawake. Bibi alibaki jikoni ili binti na mkwe waende zamu. Asiyekuwa na bibi alipika usiku. Mwezi Agosti mwaka 1976, katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, ulizuka mgomo ambao chanzo chake kimojawapo kilikuwa kulazimishwa kufanya kazi saa za ziada bila kupewa taarifa mapema. Kiongozi wake, Jayaben Desai, alikuwa mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanganyika kabla ya kuhamia Uingereza, na wengi wa wagomaji walikuwa wanawake wa Kiasia kutoka Afrika Mashariki. Mgomo ulimalizika mwaka 1978 bila ya madai yao kutimizwa. Mwajiri anayemwambia mama saa kumi na moja jioni kwamba hatatoka, anakata pia chakula cha watoto wake cha usiku. Jambo hilo halikuhitaji kufafanuliwa kwa wanawake wale.

Pamoja na sufuria zao, watu hawa walibeba maneno. Gujarati inayosemwa na waliotoka Afrika Mashariki ina sufuria, ina kisu, ina fagio, ina machungwa. Ina pia mogo, yaani muhogo. Katika mikahawa ya Wembley na Southall mogo huletwa umekaangwa, umenyunyiziwa pilipili na ndimu, kama unavyouzwa ufukweni Mombasa na Dar es Salaam. Pembeni yake kuna kuku paka, jina linalomshtua Mswahili anayelisoma kwa mara ya kwanza, mpaka aonje nazi na kutambua kuwa ni kuku wa kupaka. Familia ya Anand, iliyokuwa na mkahawa uitwao Brilliant mjini Nairobi, ilifungua mwingine kwa jina hilo hilo huko Southall mwaka 1975.

Kwa wasikilizaji wa Ghuba, mambo hayo si mageni. Wazanzibari wenye asili ya Oman waliohamia Muscat, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko ng'ambo warudi, walikwenda na mandazi yao na wali wao wa nazi. Walikuwa wengi, na minazi inaota Dhofar, hivyo hawakuhitaji kusubiri sana.

Nchini Uingereza, waliofika baadaye kutoka Kongo, Somalia, Burundi na Tanzania katika miaka ya 1990 walikuta njia imekwisha kufyekwa. Asiyeona unga wa mahindi mweupe alisonga ugali wa semolina, akavumilia. Lakini alipouliza, alielekezwa kwenye duka la Mhindi, na si mara chache mzee aliyekaa nyuma ya mizani alimjibu kwa Kiswahili cha Kampala au cha Kisumu. Muhogo ulio dukani humo mara nyingi umetoka Costa Rica. Umepakwa nta kwa sababu muhogo mbichi huanza kuharibika siku mbili au tatu tu baada ya kung'olewa. Zao hilo lilitoka Amerika, Wareno wakalifikisha Afrika, Wajamaika wakalitafutia soko Brixton, Wagujarati wakalipa jina la mogo, na sasa Mkongo wa Tottenham analimenya kwa ajili ya chakula cha jioni, akiukwangua kwanza ule utando wa nta kwa kisu.