Kitenzi Humiliate na Visawe Vyake vya Kiswahili: Kati ya Aibu na Udhalili



Mfasiri anayekutana na kitenzi cha Kiingereza humiliate hakosi neno la Kiswahili. Shida yake ni wingi wa maneno. Mbele yake vipo vitenzi aibisha, fedhehesha, tahayarisha, umbua na dhalilisha, ambavyo mara nyingi huchukuliwa kuwa visawe. Hoja yangu ni kwamba historia ya maneno yenyewe inatupa kipimo cha kuchagua.

Asili ya humiliate ni Kilatini humilis, yaani '-a chini', neno lenye uhusiano na humus, 'ardhi'. Kitenzi hiki kiliingia katika Kiingereza katika karne ya 16, na maana yake ya awali ilikuwa kunyenyekeza. Katika miaka ya 1640, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Uingereza liliamuru siku za kufunga zilizoitwa siku za humiliation. Kujishusha huko mbele ya Mungu kulihesabiwa kuwa wema. Ni katika karne ya 18 ndipo maana ya kumvunjia mtu mwingine heshima ilipoenea. Kilichokuwa kitendo cha mja kwa Mola wake kikawa kitendo cha mtu dhidi ya mtu.

Tutazame sasa upande wetu. Aibu ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kasoro. Fedheha hutokana na mzizi wa kufichua. Tahayari, katika Kiarabu, hudokeza kuduwaa. Ndiyo maana aliyetahayari hukosa la kusema. Umbua ni la Kibantu, kinyume cha umba, kama fumbua ilivyo kinyume cha fumba: anayeumbuliwa huondolewa umbo lake mbele ya watu. Dhalili, nalo la Kiarabu, humtaja aliye chini na mnyonge.

Vitenzi vinne vya kwanza vinahitaji kasoro au macho ya watu. Mwizi aliyekamatwa na mali ameaibika kwa tendo lake mwenyewe. Kudhalilisha hakuhitaji lolote kati ya hayo. Mfungwa asiye na hatia aweza kudhalilishwa ndani ya chumba kilichofungwa, pasipo shahidi. Kwa hiyo dhalilisha ndicho kilicho karibu zaidi na humiliate ya leo, ilhali maana yake kongwe imebaki katika nyenyekea.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Haki za binadamu zilipoingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, Ibara ya 13(6)(e) ilipiga marufuku adhabu za kumdhalilisha mtu. Katika kesi ya Mbushuu, Mahakama Kuu mwaka 1994, na Mahakama ya Rufani mwaka 1995, zilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kinyama na ya kudhalilisha, ingawa Mahakama ya Rufani iliona kwamba Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Lau Katiba ingesema 'kuaibisha', swali lingekuwa jingine kabisa, kwani kila adhabu humwaibisha mkosaji kwa kiasi fulani. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, uzito wa uchaguzi huo umezidi.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Siku hizi, hasa Zanzibar, udhalilishaji hutumika zaidi kwa ukatili wa kijinsia dhidi ya wanawake na watoto. Matumizi hayo ni halali, lakini yakilimeza neno zima, mfungwa na mtumishi wa nyumbani watakosa jina la dhuluma wanayotendewa. Wajibu wa wanaleksikografia ni kuziorodhesha maana zote mbili, kila moja kwa mfano wake.