Kizingiti cha hisi

Sherehe ya mtoto inapokaribia, kuna mazungumzo ambayo hujirudia kwenye simu za akina mama wengi. Mama anamweleza wifi yake kwamba mwaka huu hawatakodi spika, maana mtoto ana shida ya hisia. Wifi anashangaa: "Hisia gani tena, wifi, mtoto wa miaka sita? Huyo mmemdekeza." Kwa Kiswahili alichoambiwa, wifi hajakosea. Hisia ni mambo ya moyoni: furaha, huzuni, hasira, mapenzi. Mtoto mwenye shida ya hisia basi ni mtoto wa kununa, na dawa ya kununa ni kuchangamshwa. Spika ikodiwe, tena kubwa.

Alichokusudia mama ni hisi. Hisi ni uwezo wa mwili kupokea habari za ulimwengu: mwanga, sauti, harufu, ladha, mguso. Maneno yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu, na barazani watu huyachanganya bila madhara. Hapa madhara yapo, kwa sababu irabu moja inahamisha shida ya mtoto kutoka kwenye mishipa ya fahamu na kuipeleka kwenye tabia.

Istilahi inayozidi kutumiwa kwa jambo hili ni uchakataji wa hisi. Kuchakata ni neno la kiwandani. Waliokulia Tanga wanalijua kutokana na mkonge: jani linaingia mashineni likiwa zima, linapondwa na kukwanguliwa, nyuzi zinatoka upande wa pili. Baadaye watu wa kompyuta wakalichukua, tukaanza kuchakata data. Nalipenda neno hili kwa sababu linaonyesha shida ilipo. Masikio ya mtoto yanaweza kupimwa yakakutwa mazima kabisa. Kinachotofautiana ni kazi inayofuata, pale ubongo unapochagua sauti ipi isikilizwe, ipi ipunguzwe na ipi ipuuzwe. Wengi wetu tunazungumza mezani huku feni inanguruma na hatuisikii tena. Kuna mtoto ambaye feni hiyo haimtoki.

Aliyeufungua mlango huu ni A. Jean Ayres, Mmarekani wa California, mtaalamu wa tiba kwa vitendo na mwanasaikolojia. Kitabu chake cha 1972 kilihusu matatizo ya kujifunza na kile alichokiita uunganishaji wa hisi. Kwake hisi hazikuishia kwenye zile tano za darasani. Alizipa uzito mkubwa mbili ambazo mtaala wetu wa shule ya msingi hauzitaji: hisi ya mizani ya mwili, ambayo kiungo chake kimo ndani ya sikio, na hisi ya misuli na viungo, inayokuwezesha kujua mkono wako uko wapi hata ukiwa umefumba macho. Siku hizi huongezwa na hisi ya ndani, ya njaa, kiu na haja.

Kwa matumizi ya nyumbani, hata hivyo, uchakataji ni neno la ofisini. Huwezi kumwambia bibi kwamba mjukuu wake ana tofauti ya uchakataji ukatarajia akuelewe kabla chai haijapoa. Neno ninalolipendekeza limo katika kazi ya Mmarekani mwingine, Winnie Dunn, ambaye mwaka 1997 alieleza kwamba kila mtu ana kiwango fulani ambacho kichocheo lazima kikifikie ndipo ubongo ushtuke. Kiswahili chake ni kizingiti. Na bahati nzuri, vitabu vyetu vya shule vimekuwa vikiziita hisi milango ya fahamu. Mlango una kizingiti. Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Unguja au Lamu anaijua ile mbao ya chini ambayo ni lazima unyanyue mguu ili uivuke. Pakiwa na kizingiti kifupi, kila kitu kinaingia. Kikiwa kirefu, ni vitu vikubwa tu vinavyovuka. Najua magazeti yamelifanya kizingiti kuwa kikwazo, hasa kwenye kurasa za siasa na michezo, lakini fundi seremala bado analitumia kwa maana yake.

Tuipitishe sherehe yetu ya kawaida kwenye mlango wenye kizingiti kifupi. Mtoto anavishwa nguo mpya yenye lebo ya shingoni inayokwaruza. Wageni wanamshika mashavu. Maputo yamefungwa hadi kwenye feni, na kinachomtesha si mlipuko peke yake bali kungojea mlipuko, kwa hiyo kila puto linalosukumwa ukutani ni tishio. Watu thelathini wanaimba kwa pamoja huku wakipiga makofi, wote wamemwelekea yeye. Kisha inakuja keki. Kwetu keki haikatwi tu, hulishwa: anamlisha babu, anamlisha shangazi, na kila mmoja naye anamtia kipande mdomoni mbele ya kamera, krimu ikimbaki kwenye midomo. Mtoto anayesikia krimu kama wengine tunavyosikia mchanga kwenye meno anatakiwa atabasamu mara kumi na tano mfululizo. Na kama kuna kaka zake wa sekondari, mtu tayari yuko nyuma ya nyumba na ndoo, maana mwenye siku yake lazima amwagiwe maji. Desturi hiyo ina raha yake kwa anayeiweza. Kwa huyu, maji ya ghafla mgongoni yanatosha kuvunja siku nzima, na kilio kitakachofuata ndicho ambacho wifi atakiita kudeka.

Mwenye kizingiti kirefu ana sherehe tofauti. Yeye haridhiki na bembea hadi wengine wote wapate kizunguzungu. Hugongana na watu, hukumbatia kwa nguvu zote, hurukia lile puto kubwa la kukodi bila kushuka. Huyo mpe kazi: abebe kreti ya soda, avute zulia, asogeze viti. Na mara nyingi ni mtoto yule yule mmoja, kifupi kwenye sauti, kirefu kwenye mwendo, ndiyo maana sifa moja ya jumla haimtoshi.

Neno "ugonjwa wa hisi" silikubali. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la 2013, uliingiza wepesi au uzito wa kuitikia vichocheo miongoni mwa dalili za usonji, lakini haukuutambua kama maradhi yanayosimama peke yake. Wapo watoto wenye hali hii ambao hawana usonji. "Changamoto za hisi" linapita, ingawa changamoto tumeipakaza kila mahali, kutoka barabara mbovu hadi umaskini, hata haisemi tena kitu mahususi. Ukisema "kizingiti chake cha sauti ni kifupi", msikilizaji anajua moja kwa moja apunguze nini.

Ujumbe wa mwaliko unaweza kuandikwa hivi: "Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa sita mchana, watoto watano tu. Mwanetu kizingiti chake cha sauti na cha mguso ni kifupi. Hatutakuwa na maputo wala muziki. Wimbo tutauimba taratibu, na asiyetaka kulishwa keki asilishwe, akiwemo yeye. Chumba cha nyuma kiko wazi kwa atakayetaka kupumzika. Vijana, ndoo zibaki bafuni."