Riwaya ya Vijana Kabla ya Tuzo

Ikiwa historia ya riwaya ya vijana nchini Tanzania itaanzia kwenye Tuzo ya Burt, iliyozinduliwa mwaka 2008, itakuwa imechelewa, tena kwa Kiingereza, kwani ndiyo lugha ya miswada iliyotakiwa. Vijana wa Ilala walikuwa na riwaya zao za Kiswahili zamani. *Simu ya Kifo* (1965) ya Faraji Katalambulla na *Kufa na Kupona* (1974) ya Elvis Musiba, yenye mpelelezi Willy Gamba, hazikuhitaji kuitwa za vijana. Shauku ya wasomaji ndiyo iliyozipa rika. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977 uliongeza wajuao kusoma, na vitabu hivyo vyembamba vikawafikia nje ya muhtasari wa shule.

Wahakiki waliziita riwaya pendwa, mkabala na riwaya dhati. Istilahi hiyo, isiyokosa kebehi, ni ya kutendwa: hutaja kinachopendwa na kumficha anayependa. Utafiti wetu nao umefuata mkondo huohuo. Tumechambua wahusika, fani na maadili. Msomaji aliyenunua nakala kibarazani Kariakoo, kisha akaiazimisha mtaa mzima, ni nadra kumhoji. Aliyekuwa na miaka 15 *Kufa na Kupona* ilipotoka sasa amevuka 60.