Barabara ya Vibarua: Historia Fupi ya Nürburgring



Katika toleo lililopita Mhariri alichapisha picha yetu, wazee watano wenye vitambi, tumesimama mbele ya motokaa mbili kando ya lango la Nürburgring huko Ujerumani, tulikokwenda kwa likizo mwaka 2019. Maelezo chini ya picha yalikuwa mafupi mno. Haukupita muda nikapokea barua ya kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye aliuliza swali ambalo hata mmoja wetu hakuliuliza kabla ya kufunga mizigo: inakuwaje uwanja wa mashindano ya magari unaojulikana dunia nzima umruhusu mtu yeyote kuingia na gari lake la kwendea sokoni?

Nimeona swali hili linastahili jibu refu kuliko barua, na Mhariri amekubali kunipa nafasi.

Kwanza nieleze wazee hawa waliupata wapi wazimu huo. Vijana wa zama zetu walilelewa na Safari Rally. Pasaka ya 1979, nikiwa nimemaliza muhula wangu wa kwanza wa kidato cha tatu, mimi na mwenzangu mmoja tulisimama kwenye tope tangu alfajiri kuyangoja magari yapite. Mwaka ule alishinda Shekhar Mehta na Datsun yake, akashinda tena 1980, 1981 na 1982. Kwetu sisi mbio za magari hazikuwa na uwanja. Zilikuwa ni barabara ile ile: asubuhi wamepita ng'ombe, adhuhuri imepita Datsun, jioni imepita matatu. Basi tulipokua na kusikia kuwa Ulaya kuna uwanja wa mbio ambao nao ni barabara, tuliwekeana ahadi kwamba siku moja tutakwenda kuuona. Ahadi ile ilichukua miaka arobaini kutimizwa.

Sasa tuingie katika historia yenyewe.

Nürburg ni kijiji kidogo chenye gofu la ngome ya kale juu ya kilima, katika nyanda za juu za Eifel, kusini mwa mji wa Köln. Mgeni akifika leo huona misitu na malisho ya kupendeza, akadhani watu wa huko hawajawahi kujua shida. Sivyo. Eifel ilikuwa miongoni mwa sehemu maskini kabisa za ufalme wa Prussia, hata watu wakaibandika jina la Siberia ya Prussia. Udongo wake ni hafifu, baridi ni kali, mvua na ukungu havingoji msimu. Vijana walihama kwenda kutafuta kazi viwandani. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na baada yake mfumuko wa bei wa mwaka 1923, uliofanya noti za Kijerumani zisifae hata kufungia karanga.

Wakati huo huo mbio za magari zilikuwa zimekwisha kufika Eifel. Kuanzia 1922 zilikimbiwa kwenye barabara za kawaida, katikati ya vijiji, na kila mwenye macho aliona hatari yake. Mkuu wa wilaya ya Adenau, Dkt. Otto Creutz, aliona mambo mawili ambayo wengine waliyaona mbalimbali: magari yanahitaji njia yao wenyewe, na watu wake wanahitaji kazi. Akaomba fedha za serikali zilizotengwa kwa ajili ya kuwapatia kazi watu wasio na ajira. Miongoni mwa waliomuunga mkono alikuwa Meya wa Köln, Konrad Adenauer, yule yule aliyekuja kuwa Chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi mwaka 1949.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 27 Septemba 1925. Vibarua zaidi ya 2,000 walipanda milimani na sururu, koleo na vigari vya kubebea mawe. Hawakusawazisha nchi, bali waliifuata jinsi ilivyo: mahali penye bonde barabara ilishuka, mahali penye kilima ilipanda, penye mwamba ilizunguka. Kutoka sehemu ya chini kabisa hadi ya juu kabisa kuna tofauti ya mita 300 hivi. Kitanzi cha kaskazini peke yake kilikuwa na urefu wa kilomita 22.8, na ukijumlisha kile kidogo cha kusini mzunguko mzima ulizidi kilomita 28. Tarehe 18 Juni 1927 zilishindana pikipiki, na kesho yake magari, ambapo Rudolf Caracciola alishinda akiendesha Mercedes.

Hapa ndipo lilipo jibu la kijana wetu. Mashindano makubwa yalikuwa ya siku chache tu kwa mwaka. Siku zilizobaki barabara ndefu namna ile, iliyojengwa kwa fedha za umma, isingeweza kulala bure ikiota majani. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikusudiwa iwe na wateja wa namna tatu: washindani, viwanda vya magari vinavyojaribu mashine zake, na mwananchi yeyote mwenye gari au pikipiki aliye tayari kulipa ada langoni, kama mwenye gari alipavyo pale Likoni ili avushwe. Na mpaka hivi leo, katika saa za wananchi, sheria haiitambui kama uwanja wa mbio. Ni barabara ya kulipia, ya kwenda upande mmoja. Sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika, ni lazima ukae kulia na kupitwa kushoto, na kujipimia muda kwa saa ni marufuku.

Lakini majina yaliyoufanya mahali hapa uwe mashuhuri ni ya washindani, na sitawanyima vijana hadithi hizo. Miaka ya 1930 serikali ya Hitler ilizisaidia kwa fedha kampuni za Mercedes na Auto Union, ili ushindi wao uwe tangazo la utawala wake. Mwaka 1935 Mwitalia Tazio Nuvolari alikuja na Alfa Romeo iliyokwisha kupitwa na wakati, akawashinda wote mbele ya umati wao wenyewe. Nakiri kwamba kila nikisoma habari hiyo hunijia tabasamu.

Halafu kuna Juan Manuel Fangio wa Argentina, tarehe 4 Agosti 1957. Alikuwa na umri wa miaka 46, umri ambao wengi wetu tulikuwa tumekwisha anza kulalamika magoti. Alianza na mafuta kidogo ili Maserati yake iwe nyepesi, akikusudia kusimama katikati ya mashindano kuongeza mafuta na kubadili tairi. Mafundi wakachelewa. Alipotoka tena, Waingereza wawili wa Ferrari, Mike Hawthorn na Peter Collins, walikuwa mbele kwa sekunde zaidi ya 40. Akaanza kuwafukuza, mzunguko baada ya mzunguko, akiivunja rekodi aliyokwisha kuivunja mwenyewe, mpaka akakimbia mzunguko mmoja kwa dakika 9 na sekunde 17.4. Katika mzunguko wa 21 kati ya 22 aliwapita wote wawili, akamaliza mbele ya Hawthorn kwa sekunde 3.6. Huo ndio ulikuwa ushindi wake wa mwisho katika mashindano ya dunia, na ubingwa wake wa tano.

Magari yalizidi kasi, barabara ikabaki ile ile. Jackie Stewart wa Scotland, aliyeshinda hapo 1968 katika mvua na ukungu kwa zaidi ya dakika nne, ndiye aliyeipa jina la Jehanamu ya Kijani. Wala hakuwa mtu wa kuogopa. Alikuwa mtu wa kuhesabu wenzake waliokufa. Mwaka 1970 madereva walikataa kushindana pale, Grand Prix ya Ujerumani ikahamishiwa Hockenheim. Ndipo miti ikakatwa kando ya njia na kingo za chuma zikawekwa, mashindano yakarudi 1971.

Haikutosha. Mwaka 1976 bingwa wa dunia, Niki Lauda wa Austria, aliwasihi wenzake wasikimbie siku ile, wakapiga kura, nao wakaamua kuendelea. Tarehe 1 Agosti gari lake liliacha njia karibu na kona ya Bergwerk, likagonga, likawaka moto. Waliomtoa hawakuwa askari wa zimamoto, bali madereva wenzake wanne waliofika nyuma yake: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Barabara ya kilomita 22.8 ndani ya msitu haiwezi kuwekewa watu wa msaada kila kona, na hilo ndilo Lauda alilokuwa akilisema. Wiki sita baadaye, na vidonda vya moto vikiwa vibichi kichwani, alishindana Monza akatoka wa nne. Formula 1 haikukimbia tena kwenye kitanzi kile cha kale. Mwaka 1984 ulifunguliwa uwanja mpya, mfupi, kando yake.

Tazama basi mambo yalivyogeuka. Mabingwa waliondoka, mwananchi akabaki. Ile njia iliyoonekana kuwa ya hatari mno kwa madereva bora wa dunia, sasa yenye kilomita 20.8, iliendelea kufungua lango lake kwa mwalimu, mwoka mikate na mstaafu. Na wenyeji waliishi nayo. Sabine Schmitz, aliyezaliwa Adenau mwaka 1969 na kukulia katika hoteli ya wazazi wake pale Nürburg, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya saa 24 ya Nürburgring, mwaka 1996, akarudia 1997. Baadaye alikuwa akiwazungusha wageni kama abiria wa teksi. Alifariki Machi 2021, na kona ya kwanza ya kitanzi sasa inaitwa kwa jina lake.

Wakubwa nao hawakuacha kuweka mikono. Kuanzia 2007 serikali ya jimbo ilijenga maduka, hoteli na viwanja vya michezo kwa mamia ya mamilioni ya euro, pamoja na treni ya kubembea ambayo ilifunguliwa Oktoba 2013 ikafungwa baada ya siku nne. Mwaka 2012 kampuni ya serikali iliyomiliki mahali hapo ilikuwa imefilisika, na 2014 vyote viliuzwa kwa watu binafsi, njia ya vibarua ikiwamo. Wapenzi wa barabara ile waliupinga uuzaji huo mpaka mahakama ya Ulaya, na mwaka 2021 mahakama ikakubali kuwa Tume ya Ulaya haikuuchunguza ipasavyo. Mtu ajiulize mkuu wa wilaya Creutz angesema nini.

Sasa siku yetu wenyewe. Tulivuka kwa feri kutoka Dover hadi Calais, tukapita Ubelgiji, tukalala Adenau. Magari yetu yalikuwa ya Uingereza, usukani kulia, katika nchi ya kuendesha kulia, hivyo aliyekaa kushoto ndiye aliyekuwa macho ya dereva. Gari moja lilikuwa la mwenzetu anayeishi Birmingham, la pili tulilikodi. Jumapili asubuhi, tukiwa tayari langoni, palizuka mabishano. Mkataba wa gari la kukodi ulikataza waziwazi kuliingiza mahali pale. Wawili wakasema, nani atajua? Aliyekuwa kiranja wetu wa bweni, ambaye sauti yake haijabadilika tangu 1979, akajibu kwamba ukigonga kingo zile hutozwa gharama za chuma na za kufungwa kwa njia, na bima haitakujua. Mabishano yangali yakiendelea lango likafungwa: pikipiki ilikuwa imeanguka huko ndani. Tulingoja saa nzima na kidogo. Gari la kubebea wagonjwa likatoka bila kupiga king'ora, na hatukujua tulielewe vipi. Hakuna aliyelitaja tena lile gari la kukodi.

Tuliingia na gari la nyumbani la yule ndugu wa Birmingham, watatu kwanza, kisha wawili, tukalipa euro 30 kila mzunguko. Nilikaa kulia kabisa mwa njia kama niliyefungwa kamba. Porsche zilinipita, pikipiki zikanipita, na gari moja la kubebea mizigo likanipita. Kwenye kona ya Karussell, ile ya zege iliyoinama kama ubavu wa bakuli, vyombo vya chai vililia nyuma hata nikadhani injini imevunjika. Nilitumia kama robo saa.

Mwenzetu mmoja, daktari ambaye kwa miaka mingi amewatibu watu waliougua kwa moto, alikuwa abiria wangu. Tulipokaribia Bergwerk alisema, "Simama kidogo." Nikamwambia hairuhusiwi kusimama. Hakusema neno tena mpaka tulipotoka. Alasiri, wengine walipokuwa wakipiga picha ile aliyoichapisha Mhariri, alinishika mkono tukaenda na gari mpaka Breidscheid, tukaifuata njia ya miguu msituni tukiwa tumeandamana na uzio. Mahali penyewe hapana kitu cha kutazama, ni lami, chuma na miti. Alisimama pale akayahesabu magari yaliyopita, akaniuliza ilimchukua nani muda gani kufika, siku ile, na kutoka wapi. Nikamweleza nilichokijua kuhusu wale wanne. Kisha tukarudi, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.