Egesaku: Wakisii Waliishije Bila Mfalme?

Leo naomba tuache programu kidogo tuzungumze historia, ingawa mwishowe mtaona tumerudi kulekule.

Sisi tunaopenda mitandao isiyo na kitovu tuna swali letu la siku zote: je, jamii inaweza kuendesha maisha na uchumi wake bila mkubwa anayeamrisha wadogo, na bila kuimaliza ardhi inayoilisha? Mmarekani Murray Bookchin (1921–2006) alilishughulikia swali hili miaka mingi, na mwaka 1982 akatoa kitabu The Ecology of Freedom. Mimi nadhani tuna mfano wa karibu zaidi. Twendeni Kisii na Nyamira.

Kabla Waingereza hawajafungua kituo chao Kisii mwaka 1907, Abagusii hawakuwa na mfalme. Walikuwa na makundi makubwa saba: Kitutu, Mugirango Kaskazini, Mugirango Kusini, Machoge, Wanjare, Bassi na Nyaribari. Mengi ya majina hayo mtayakuta hadi leo kwenye maeneo bunge. Hakuna kundi lililotawala mengine yote.

Sasa sikilizeni jambo lililonivutia. Ekegusii kina neno moja, egesaku. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko miaka ya 1940, alieleza kwamba neno hilo hutumika kwa ukoo wa ngazi yoyote ile. Baba na wanawe ni egesaku. Mlango wa babu mmoja ni egesaku. Ukoo mzima ni egesaku, na Abagusii wote, wana wa Mogusii, ni egesaku vilevile.

Aliyesoma kompyuta anaitambua hiyo mara moja: ni fankshoni inayojiita yenyewe. Kanuni ni ileile, kinachobadilika ni ukubwa tu. Waliotoka kwa babu mmoja wana haki katika ardhi yake, wanateteana, na wakikosana wanakaa chini mbele ya wazee wao. Ugomvi wa ndugu wawili unaishia kwa wazee wa pale nyumbani. Ugomvi wa milango miwili unapanda ngazi moja juu, basi. Hakuna seva kuu ya kungojea. Aliyedanganya aliogopa kiapo na mizimu ya mababu, ebirecha, kuliko askari ambaye hakuwepo.

Na kazi je? Kulikuwa na risaga, kikundi cha majirani waliosaidiana kulima, kupalilia na kuvuna. Leo shambani kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba anawapikia wageni wake pombe ya wimbi. Hakukuwa na mshahara wala mwajiri. Malisho yalikuwa ya wote, na vijana waliishi na ng'ombe katika kambi zilizoitwa ebisarate, wakilinda mifugo na mipaka. Ardhi haikuwa bidhaa ya kuuza. Ukilima, unakula.

Lakini tusiipambe sana, jamani. Kukosa mfalme si kukosa wenye nguvu. Mke alipewa mashamba ya kulima, na nyumba yake, enyomba, ilikuwa na mali yake, lakini ardhi ilipita kwa wana wa kiume. Ng'ombe za mahari zilikuwa mikononi mwa wazee, kwa hiyo kijana alioa pale wazee walipokubali. Huko Kitutu ukoo mmoja ulikuwa tayari umeanza kuwa juu ya wengine. Tena koo hizi zilipigana. Wakisii wenyewe husema tunaooana nao ndio tunaopigana nao.

Waingereza walipokuja, tatizo lao la kwanza lilikuwa, kwa lugha yetu, anwani. Amri inatumwa kwa nani? Kodi inadaiwa kwa nani? Walipigana na Abagusii mwaka 1905. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki mtawala wao, Northcote, na inasimuliwa kwamba nabii mwanamke, Moraa, ndiye aliyemtia moyo. Northcote alipona, na likaja jeshi la kulipiza kisasi. Baadaye machifu waliteuliwa kutoka juu, na ebisarate zikapigwa marufuku. Mti uliokuwa ukijiendesha kutoka kwenye matawi ukapachikwa mzizi wa nje.

Hata hivyo, sidhani machifu ndio walioumaliza mfumo ule. Kanuni yake kubwa bado inaishi hadi leo, na hapo ndipo penye hatari.

Kila fankshoni inayojiita yenyewe lazima iwe na sharti la kusimama. Ukilisahau, inajiita, inajiita, kumbukumbu inajaa, programu inaanguka. Sharti la kusimama la egesaku halikuandikwa popote. Lilikuwa nje ya kanuni yenyewe: ardhi tupu mbele ya safari. Mlango ukijaa, vijana walivuka mto au kilima wakafyeka msitu mpya. Mazingira yenyewe ndiyo yaliyosema "simama hapa, anza kule".

Sasa hakuna kule. Sensa ya 1979 ilihesabu watu 869,512 katika Wilaya ya Kisii, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Nyamira. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Ardhi ni ileile. Kisii peke yake ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba. Tangu Mpango wa Swynnerton wa 1954, sera ya serikali ilielekea kwenye hati za mtu binafsi, na malisho ya wote yakageuka mashamba ya watu. Kanuni ya kugawa ikabaki, mpaka wake ukaondoka.

Piga hesabu. Mzee ana ekari 8 na wana wanne: kila mmoja ekari 2. Nao wakipata wanne wanne: nusu ekari. Kizazi kinachofuata: thumuni ya ekari. Na hapo hatujawahesabu mabinti, ambao Katiba ya 2010 inawapa haki sawa, na ni haki yao kweli. Sheria ya 1967 inadai kibali cha bodi ya ardhi kabla ya kugawa shamba, lakini ndugu hugawana kwa ua wa michongoma tu, bila karatasi.

Ndiyo maana nasema: anayebuni jamii isiyo na mabwana asiishie kuuliza nani ataamrisha. Aulize pia nini kitasema "basi". Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja bila serikali wala tajiri. Katika kanuni alizoorodhesha, ya kwanza ni mipaka iliyo wazi.

Na mfano uko hapohapo. Viwanda vya chai kama Nyankoba, Kebirigo na Sanganyi ni vya wakulima kwa hisa. Malalamiko kuhusu uongozi wa sekta ya chai hayakosekani, najua. Lakini mkulima akifa, wanawe hurithi hisa. Hakuna anayekata mashine vipande vinne.

Kwa nini shamba la baba lisiwe hivyo? Libaki moja, watoto wote wa kike na wa kiume wawe na hisa, kazi ifanywe kwa zamu kama risaga, na wanaoishi Nairobi au ng'ambo wapate fungu lao bila kujenga uzio. Egesaku itabaki egesaku, ila sasa ikiwa na sharti la kusimama lililoandikwa.

Kama familia yenu imewahi kujaribu hivyo, tuelezeni ilikwendaje, hata kama iliishia kwa ugomvi. Tukutane tena.